Chombo cha Angani Juu ya Meza: Maswali Yenu Kuhusu Kusanifu kwa Kompyuta

Barua zilizonifikia mwezi huu zinazungumzia jambo moja, nalo ni namna ya kusanifu kwa kompyuta chombo kikubwa cha angani kitakachojengwa kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya LEGO yatokayo Denmark. Ili tusipotezane njiani, "kinundu" ni kile kivimbe kidogo cha duara kilicho juu ya tofali. "Kibamba" ni tofali jembamba, ambalo matatu yake yakipandana hupata kimo cha tofali moja la kawaida. Na "boriti" ni kipande kirefu chenye matundu ubavuni.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Mwanakwerekwe. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya GB 4, na intaneti yangu ni ya vifurushi vya simu. Ni programu gani itanifaa?

Marahaba, mwanangu. Programu iliyoenea zaidi hivi sasa ni Studio, ambayo BrickLink, soko la mtandaoni la matofali haya, inaitoa bure. BrickLink yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya LEGO mwaka 2019, na mwaka 2022 Studio ikashika nafasi ya LEGO Digital Designer, programu ya zamani ya kampuni hiyo. Ni programu nzuri, lakini chombo kikifika maelfu ya vipande huielemea kompyuta yenye nguvu ndogo. Kwako wewe ningeanza na LeoCAD, ambayo nayo ni ya bure, ni nyepesi, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua pamoja na maktaba yake ya vipande, kifurushi chako unaweza kukiweka kwa shughuli nyingine. Ipo pia Mecabricks, lakini hiyo hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hivyo kila ukikaa kujenga utakuwa unakula data.

Usiogope kwamba ukianza na moja utafungwa nayo. Mwaka 1995 kijana wa Australia, James Jessiman, alitunga mfumo wa LDraw wa kuandika umbo la kila kipande na mahali kilipowekwa, kwa kipimo kidogo cha milimita 0.4. Jessiman alifariki mwaka 1997, lakini mfumo wake ndio lugha ambayo programu hizi zinasikilizana mpaka leo. Utakachojenga katika LeoCAD unaweza kukifungua katika Studio siku utakapopata kompyuta yenye nguvu zaidi.

Jambo moja zaidi. Usiweke chombo kizima kama rundo moja la vipande. Kigawe: pua peke yake, tumbo peke yake, injini peke yake, kisha uviunganishe katika faili kuu na ufiche kila sehemu usiyoishughulikia. Kompyuta itapumua, na umeme ukikatika hutapoteza kazi ya jioni nzima.

Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni seremala wa Wete. Pamoja na wanangu tulisanifu chombo chenye urefu wa vinundu 104, na kwenye skrini kilinyooka kama rula. Ndugu yetu aliyeko Maskati alitununulia matofali tukakijenga, lakini tulipokiinua kilipinda katikati na pua ikaanguka. Kosa letu liko wapi?

Waalaykumu salaam. Kwanza nikupeni hongera, kwa sababu kinundu kimoja huchukua milimita 8 na chombo chenu kimefika sentimita 83. Wajenzi wa nje huhesabu vinundu 100, yaani sentimita 80, kuwa ndio mpaka wa kukiita chombo kikubwa kweli, na nyinyi mmeuvuka mara ya kwanza tu.

Kosa haliko mikononi mwenu. Ndani ya skrini hakuna uzito. Kipande ulichokiweka pale hubaki pale, hata kama hakikushikwa na kitu chochote, na bawa la vinundu 40 lililobebwa na kinundu kimoja litasimama kwa fahari mwaka mzima. Baadhi ya programu huonya pale vipande viwili vinapoingiliana, na Studio inacho pia kipimo cha uthabiti kinachoonyesha sehemu zilizoshikana kwa unyonge. Tumieni vyote viwili. Lakini hakuna hata kimoja kitakachokuonyesheni chombo kikipinda kwa uzito wake wakati mtu anakiinua kutoka mezani.

Wewe ni seremala, kwa hivyo nitasema kwa lugha yako. Nenda Nungwi, au ufukwe wowote wanakounda vyombo, uangalie kinacholazwa mchangani mwanzo: ni mkuku. Hakuna fundi anayeanza na urembo wa shetri akitarajia mkuku utapata nafasi baadaye. Kwenye kompyuta karibu sote tunafanya hivyo hivyo ambavyo fundi hafanyi, kwa kuwa urembo unavutia na kipanya kinatii. Tunachora pua, tunapanga mizinga na madirisha, kisha tunatafuta uti wa mgongo wa kupitisha ndani ya mwili uliokwisha jaa.

Anzeni na mkuku. Tofali likikaa juu ya tofali hushikwa kwa msuguano wa vinundu tu, na msuguano huo huachia chombo kirefu kinaposhikwa katikati, kwa sababu ncha mbili zinazovuta kwenda chini hutanua maungio ya juu. Boriti zenye matundu, zikifungwa kwa pini, yaani vijiti vifupi vya plastiki vinavyoingia matunduni, haziachii namna hiyo. Wekeni boriti mbili kwa urefu wote wa chombo, moja chini na moja juu, na muache nafasi kubwa kadiri umbo linavyoruhusu baina yao, kwani ni nafasi hiyo inayozuia kupinda kuliko wingi wa boriti. Kisha mzifunge pamoja. Ukiweka vibamba viwili baina ya matofali mawili yenye matundu, umbali kutoka tundu la chini hadi la juu huwa milimita 16 kamili, sawa na vinundu viwili, na boriti fupi iliyosimama wima huingia pini zake bila kulazimishwa. Kwa mishazari, tumieni pembetatu ya 3, 4 na 5 mnayoitumia kupata pembe mraba ya mlango. Hesabuni nafasi baina ya matundu, msihesabu matundu, na boriti ya mshazari itakaa sawasawa.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilikiinua chombo changu cha kwanza kwa mikono miwili chini ya mabawa, nikasikia mlio mdogo kama karanga inapomenywa, na nilipotazama ubavuni nikaona ufa umefunguka baina ya safu mbili za matofali, upana wa kuingia ukucha. Kabla sijakirudisha mezani, injini zote tatu zilikuwa sakafuni. Tangu siku hiyo sichori ganda la nje mpaka niwe nimejenga mkuku peke yake kwa matofali ya kweli, nikaushika ncha moja na kuunyoosha mbele yangu kama upanga. Ukining'inia, ninarudi kwenye skrini. Msivunje chombo chenu chote. Ondoeni pua na sakafu ya kati, na mtapata nafasi ya kupitisha boriti.

Programu inaniruhusu kukipaka rangi ya zambarau kipande chochote nitakacho. Je, vipande hivyo vinauzwa kweli? (Msomaji wa Chake Chake)

Vingi havipo. Kila kipande kimetengenezwa kwa rangi kadhaa tu, na rangi ya kijivu, nyeusi na nyeupe ndizo zenye maumbo mengi zaidi, jambo linaloeleza kwa nini vyombo vingi vya angani huwa vya kijivu. Studio hukuonya ukichagua kipande ambacho hakijapata kutolewa katika rangi hiyo. Zingatia onyo hilo tangu siku ya kwanza, la sivyo utakamilisha chombo ambacho hakuna duka litakalokuuzia.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 13 anashinda kwenye kompyuta akijenga vyombo vya matofali, na nyumbani kwetu Kikwajuni hatuna hata tofali moja. Hatuna uwezo wa kuyanunua. Ninajiuliza kama hapotezi muda wake.

Bibi yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na ninakujibu kwa moyo wangu wote: hapotezi. Mwite leo umuulize kwa nini vibamba vitano vikilazwa kwa ubavu vinalingana na vinundu viwili. Akijua, atakwambia kwamba kibamba kimoja kina kimo cha milimita 3.2, kwamba vitano ni milimita 16, na kwamba kinundu kikiwa milimita 8, viwili navyo ni 16. Kwa hesabu hiyo ndogo mjenzi anaweza kugeuza matofali yatazame pembeni au chini na bado yakakaa bila pengo. Mtoto anayeihitaji kila jioni haihifadhi kwa kukariri. Pia anajifunza kukizungusha kitu kichwani kabla hajakizungusha kwa kipanya, na kazi ya msanifu majengo au fundi mitambo inataka uwezo huo huo.

Ningekuomba jambo moja tu. Kwa kuwa hana tofali la kushika, hana kinachomkosoa kuhusu uzito. Mpe maboksi ya kadibodi, vijiti na gundi, ajenge mkuku wa chombo chake kwa kipimo kile kile alichochora, aone unavyopinda. Hayo yanapatikana bila gharama. Na kama skuli yake au jamaa wa nje atapata siku moja kuleta matofali, asiagize chombo kizima. Programu itamtolea orodha ya vipande, achague sehemu moja, tuseme chumba cha rubani, aijenge hiyo.

Ninakaa Tunguu. Kila mtu anajenga vyombo vya kubuni, nami ningependa kujenga kilichokuwapo kweli na kinachohusiana na kwetu. Je, kipo?

Kipo, na kinahusiana na Tunguu yenyewe. Wamarekani walipokuwa wakituma watu angani katika mradi wa Mercury, moja ya vituo vyao vya kusikiliza na kufuatilia vyombo kilikuwa hapo kwenu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3 ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7, na Zanzibar ilikuwa katika mtandao wa vituo vilivyokuwa vikizungumza naye. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Sasa tupime. Mwanasesere wa matofali ana kimo cha karibu sentimita 4. Tukimchukulia kuwa ni mtu wa mita 1.7, kila sentimita ya mfano wako itasimama badala ya sentimita 42.5 za kweli. Kibanda cha Glenn kilikuwa na upana wa karibu mita 1.9, kwa hivyo kwako kitakuwa vinundu 6 hivi. Kinashangaza kwa udogo, na ninapenda watoto wakione hivyo, mtu mzima amebanwa ndani ya vinundu 6. Roketi ya Atlas iliyombeba, pamoja na kibanda juu yake, ilikuwa na urefu wa karibu mita 29, ambao utakuwa sentimita 68, sawa na vinundu 85. Upana wake wa mita 3 unakuja karibu vinundu 9, nami ningechagua 8 badala ya 10, kwa kuwa namba shufwa hurahisisha kupanga kiini cha katikati, na roketi ikinenepa hupoteza sura yake.

Mwili wa duara usiujenge kwa kupandisha matofali kama kisima. Jenga kiini cha mraba chenye vinundu vinavyotazama pande nne, kisha ubandike kuta nne zilizopinda juu yake. Hapa ile hesabu ya vibamba vitano kwa vinundu viwili ndiyo itakayokusaidia kila hatua. LEGO yenyewe ilitoa mwaka 2017 roketi ya Saturn V yenye urefu wa karibu mita moja na vipande 1,969, idadi iliyolingana na mwaka ambao watu walifika mwezini. Maelekezo yake yanafaa kuchunguzwa kwa utulivu na kila anayetaka kujua namna mwili mrefu wa duara unavyoshikiliwa kwa ndani.

Chombo chetu kiko Mjini na maonyesho ya skuli yako Mkoani. Tutakivushaje kwa boti bila kukivunja?

Jibu lilipaswa kuanza kwenye skrini: chombo kirefu kisanifiwe kikatike sehemu tatu au nne, kila moja isizidi vinundu 35, na sehemu ziungane kwa boriti na pini ndefu zinazoweza kuvutwa kwa vidole. Kama chenu hakikufanywa hivyo, fungueni faili, tafuteni mahali ambapo ganda lina vipande vichache vinavyovuka, mkate hapo. Kila sehemu ilazwe ndani ya boksi lake juu ya kanga iliyokunjwa, na mabawa yang'olewe yasafiri peke yake. Wekeni namba ya sehemu kwenye boksi na namba hiyo hiyo kwenye faili. Mkipanda boti kule Malindi, maboksi yakae miguuni penu kivulini, wala yasiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa, maana plastiki hii ikipata joto kali hupinda na haishiki tena kama mwanzo. Chukueni pia kimfuko cha pini za akiba, kama ishirini hivi, kwani pini ndizo zinazopotea njiani.