Mbona "Discuss" Haifuatwi na "About"?

Swali: Mwalimu, mimi ni karani katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi. Msimamizi wangu alinirudishia barua akiwa amefuta "about" katika "We discussed about the budget", kisha akaongeza "to" katika "Kindly explain me the delay". Je, iko kanuni ya kujua kitenzi kipi kinataka kihusishi?

Jibu: Msimamizi wako amesahihisha ipasavyo, ila makosa hayo mawili hayana chimbuko moja.

La kwanza linatokana na nomino. "A discussion about the budget" ni sahihi, kwa sababu nomino huhitaji kihusishi cha kuiunganisha na jambo linalozungumziwa. Kitenzi "discuss", kwa upande wake, huchukua shamirisho lake, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja. Ndivyo ilivyo pia kwa "a request for leave" na "I request leave", au "emphasis on quality" na "emphasise quality". Hapa jijini "request for" na "emphasise on" husikika katika kila mkutano, nami simkatizi mtu anayezungumza, lakini katika barua rasmi nitavifuta vihusishi hivyo. Usiifanye kanuni ya jumla, hata hivyo, kwani "apply" na "application" zote hufuatwa na "for".

La pili lina mizizi katika Kiswahili chenyewe. Unakumbuka shamirisho kipozi (kitu kinachotendwa) na kitondo (anayetendewa) za shuleni: katika "nieleze sababu", kiambishi "ni" ni kitondo na kimekaa ndani ya kitenzi, kwa hiyo hatuhisi haja ya kihusishi. Vitenzi vya Kiingereza vyenye asili ya Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha unaojumuisha Kiingereza na Kijerumani, kama "give", "tell", "show", "send" na "teach", huturuhusu kufanya vivyo hivyo, ndiyo maana "tell me the reason" haina dosari. Vilivyotoka Kilatini, vingine kupitia Kifaransa, aghalabu hukataa: "explain", "describe", "suggest" na "announce" humtaka mtu atanguliwe na "to". Nasema aghalabu kwa sababu "promise" ni ya Kilatini na bado tunasema "promise me".

Kuna pia vitenzi vinavyokwenda kinyume, ambapo Kiswahili hakina kihusishi na Kiingereza kinacho: "nisubiri" ni "wait for me", na "nisikilize" ni "listen to me". Hivi havisumbui sana, kwa kuwa tulivizoea tungali wadogo.

Kanuni moja inayotosheleza vitenzi vyote haipo. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza huonyesha kila kitenzi pamoja na kihusishi chake, kwa hiyo unapoandika neno daftarini, andika kirai kizima. Ama barua yako, "Kindly explain the delay to me" ni sahihi kisarufi, lakini mimi ningeondoa hata hilo "to me", kwa kuwa anayeandikiwa anajua fika ni nani anayesubiri maelezo.