Uliza Ujibiwe: Masaisi, Makauboi na Wafungua Njia wa Magharibi ya Marekani

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya gari la abiria likikokotwa na farasi 6 katika nyika za magharibi ya Marekani. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na hapa tunajibu nne.

*Ndugu Mhariri, katika ile picha mwendeshaji amekaa juu, mbele kabisa, ameshika kamba nyingi kama mvuvi anayevuta jarife. Kamba hizo zilikuwa za nini? Na je, ni kweli kwamba mtu mmoja aliliendesha gari lile nchi nzima? — Msomaji, Tanga.*

Ndugu yetu wa Tanga, kamba zile ni hatamu, na idadi yake ndiyo inayoeleza ugumu wa kazi yenyewe. Farasi 6 walifungwa wawili wawili. Jozi ya mbele iliongoza, ya kati ikafuata, na ya nyuma, iliyokuwa karibu na magurudumu, ilikuwa na farasi wakubwa kuliko wengine, kwa sababu wao ndio waliouzuia uzito wa gari kwenye mteremko. Kila jozi ilikuwa na hatamu yake ya kushoto na ya kulia, hivyo saisi, yaani mwendeshaji wa gari la farasi, alishika tatu kwa mkono wa kushoto na tatu kwa mkono wa kulia, kila moja ikipita kati ya vidole vyake. Gari lilipofika kwenye kona kali ilimbidi avute hatamu za jozi ya mbele kwanza, huku akizilegeza kidogo za nyuma ili wale wakubwa wasikate kona mapema na kuliangusha gari bondeni. Alifanya hivyo kwa kidole kimoja kimoja, mguu wake wa kulia ukiwa kwenye breki. Ndiyo maana masaisi wengi walipenda glavu za ngozi laini na nyembamba, maana mwenye glavu nene asingeweza kuhisi farasi anataka nini.

Kuhusu swali lako la pili, hapana, hakuna saisi aliyeendesha nchi nzima. Chukua mfano wa huduma ya John Butterfield, iliyoanza Septemba 1858 kwa mkataba wa posta wa dola 600,000 kwa mwaka. Njia yake ilitoka Missouri, ikazunguka kusini kupitia Texas, El Paso, Tucson na Los Angeles, kisha ikapanda hadi San Francisco, mwendo wa kilomita 4,500 hivi, na mkataba ulitaka barua zifike ndani ya siku 25. Gari la kwanza kuelekea magharibi lilifika kwa siku zisizozidi 24. Lilikwenda usiku na mchana. Farasi, au nyumbu katika sehemu kame (tunasema nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, anayeitwa pia baghala, si yule wa Serengeti), walibadilishwa kwenye vituo vya njiani, na saisi naye, baada ya kuendesha kilomita 100 hivi, alimkabidhi mwenzake hatamu. Kila saisi aliijua sehemu yake ya njia kama nahodha anavyoujua mlango wa bandari yake, hata gizani.

Abiria ndiye hakubadilishwa. Magari bora yalitengenezwa katika mji wa Concord, New Hampshire, na bodi la kila gari halikukaa juu ya springi za chuma bali lilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, hivyo badala ya kurukaruka liliyumba mbele na nyuma kama jahazi. Wapo waliotapika. Ndani mlikuwa na mabenchi matatu ya watu watatu watatu, na waliokaa benchi la katikati hawakuwa na pa kuegemea isipokuwa mkanda wa ngozi. Kwa raha hiyo abiria wa kwenda San Francisco alilipa dola 200 mwanzoni, fedha ambazo kauboi wa miaka iliyofuata angezipata kwa kazi ya karibu nusu mwaka.

*Mhariri, mume wangu anasema kazi hiyo haikuwa na mwanamke hata mmoja. Naomba utuamulie. — Mama wa watoto watatu, Mombasa.*

Mama, mweleze mume wako kwa upole kwamba amekosea, na mifano tunayo miwili.

Wa kwanza ni Charley Parkhurst, aliyezaliwa mwaka 1812 upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani, akajifunza kazi ya farasi angali kijana, kisha akaenda California wakati wa homa ya dhahabu, watu walipokimbilia huko kuitafuta dhahabu. Farasi alimpiga teke akapoteza jicho moja, lakini aliendelea kuwa miongoni mwa masaisi walioheshimiwa zaidi katika barabara za milimani. Alivaa kiume, alikunywa na kutafuna tumbaku kama wenzake, na mwaka 1868 jina lake liliandikwa katika daftari la wapiga kura, miaka 43 kabla ya wanawake wa California kupewa haki hiyo. Alipofariki Desemba 1879, waliokuja kuuandaa mwili wake ndio waliogundua kwamba ulikuwa wa mwanamke. Waandishi wa Kiingereza husumbuka sana kuchagua kiwakilishi cha kumtajia, shida ambayo lugha yetu imetuepusha nayo.

Wa pili ni Mary Fields, aliyezaliwa utumwani huko Tennessee mnamo 1832. Baada ya watumwa kuachwa huru alifika Montana, akafanya kazi katika misheni ya watawa wa Kikatoliki, na mwaka 1895, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alipata mkataba wa kusafirisha barua kati ya mji wa Cascade na misheni hiyo. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata mkataba wa aina hiyo, na aliutekeleza kwa miaka 8. Theluji ilipozidi, farasi wakashindwa, alibeba magunia ya barua begani na kwenda kwa miguu. Watu humwita saisi wa gari la abiria, lakini kwa haki mzigo wake mkuu ulikuwa barua.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa Simanjiro. Kwenye sinema kauboi huwa mzungu mwenye kofia ya pama, bastola na farasi, lakini ng'ombe siwaoni. Je, yule alikuwa mwenye ng'ombe au mchungaji wa kuajiriwa? — Mfugaji.*

Ndugu mfugaji, umeona kasoro ambayo wengi hatuioni. Kauboi alikuwa mchungaji wa kuajiriwa, aliyelipwa dola 25 hadi 40 kwa mwezi, na mara nyingi hata farasi aliyempanda hakuwa wake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na mamilioni ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Ng'ombe aliyeuzwa kule kwa dola 4 aliweza kufikia dola 40 katika masoko ya kaskazini. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli katika mji wa Abilene, Kansas, na makundi yakaanza kuswagwa kuelekea huko. Vijana kumi na wawili hivi waliongoza ng'ombe 2,000 au zaidi kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku, maana ng'ombe akiharakishwa hufika akiwa mifupa mitupu, jambo ambalo wewe huhitaji kuelezwa. Usiku walizunguka kundi kwa zamu wakiimba taratibu ili ng'ombe wasikurupuke kwa radi.

Ama rangi, sinema zilificha mengi. Ufundi wenyewe, kuanzia kamba ya kitanzi hadi tandiko, ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Mmoja wao, Bose Ikard, aliyezaliwa utumwani, aliaminiwa na tajiri wake Charles Goodnight kutunza fedha za mauzo njiani. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimwekea jiwe la kaburi. Kazi hiyo haikudumu, kwani waya wa seng'enge uliosajiliwa na Joseph Glidden mwaka 1874 ulifunga malisho, reli zikafika Texas kwenyewe, na majira ya baridi ya 1886 na 1887 yakaua ng'ombe kwa malaki.

*Mhariri, hao wote walipita njia. Nani aliyezifungua? — Mwanafunzi, Bujumbura.*

Kwa sehemu kubwa, mwanangu, njia zilikuwa za Wahindi Wekundu, wenyeji wa nchi, na za wanyama waliotafuta maji. Waliokuja baadaye na kuitwa wafungua njia mara nyingi waliongozwa na wenyeji hao. Mmoja wa wafungua njia hao alikuwa James Beckwourth, mtoto wa mama mtumwa wa Virginia, aliyeishi miaka mingi na watu wa kabila la Crow. Mwaka 1850 aligundua upenyo katika milima ya Sierra Nevada wenye kimo cha mita 1,591, rahisi kuliko njia zilizotumika wakati huo, akaitengeneza barabara akitarajia kwamba mji wa Marysville ungemlipa. Alipouingiza msafara wa kwanza mwaka 1851, mji ulikuwa umeungua, na malipo hakuyaona. Katika msafara huo alimpakia mbele yake, juu ya tandiko lake, msichana wa miaka 10, Ina Coolbrith, ambaye mwaka 1915 alitangazwa kuwa malenga wa kwanza wa jimbo la California, na ambaye hadi uzeeni aliendelea kusimulia safari ile.