Kwa unayeanza kazi kwenye mihadhara ya masomo ya Kiyahudi

Ukiajiriwa kama msaidizi kwenye programu ya masomo ya Kiyahudi katika chuo kikuu cha Marekani, huenda ukaanzia kwenye mihadhara ya wazi: kuandaa ukumbi, kumpokea mhadhiri, kugawa karatasi, kupitisha kipaza sauti wakati wa maswali. Usiidharau kazi hiyo. Humo utajifunza mambo ambayo darasani hayafiki, mradi ujue mapema ni nani watakaokaa kwenye viti unavyovipanga.

Wengi wao si wanafunzi. Ni watu wa mjini, wazee kwa vijana, na mara nyingi mada inayozungumzwa ni habari za ukoo wao. Chukua mfano wa Seattle. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walihamia huko Wayahudi wa Kisefardi kutoka Uturuki na kisiwa cha Rhodes, wazao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakaja na Kiladino chao, lugha yao yenye asili ya Kihispania. Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko mjini humo, kilipoanza kuadhimisha Siku ya Kiladino mwaka 2013, lugha iliyokuwa ikisomwa jukwaani ndiyo lugha ambayo baadhi ya wasikilizaji waliisikia kwa bibi zao. Kwenye ukumbi wa namna hiyo, mtu akiomba kuuliza swali akaishia kusimulia habari za mama yake, usimkatize haraka. Mpe nafasi, kisha umrudishe kwa upole: "Ahsante sana, mzee, tumsikie na mhadhiri kuhusu hilo." Ila kipaza sauti kishike wewe mwenyewe, kisikutoke mkononi.

Kuhusu tarehe, uwe na kalenda ya Kiyahudi mezani kabla ya kumwandikia mhadhiri yeyote. Septemba na Oktoba zimejaa sikukuu: Rosh Hashanah, Yom Kippur, Sukkot. Sabato nayo huanza Ijumaa jua linapozama, na hapo ndipo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunahitaji uangalifu. Kwetu jua huzama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima. Seattle, mwezi Desemba, huzama saa kumi na dakika ishirini hivi za jioni. Mhadhara wa Ijumaa alasiri wakati huo utawafungia nje wale wale unaotaka waje. Chakula nunua kilichofungwa na chenye alama ya kosher (yaani kinachofuata sheria za chakula za Kiyahudi), na wiki ya Pasaka ya Kiyahudi usiweke mkate wala biskuti za kawaida.

Jioni za kusoma mashairi zina kazi zaidi. Omba matini mapema, ya Kiebrania au Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania) pamoja na tafsiri yake, uchapishe zikae ubavuni kwa ubavuni. Shairi lisomwe kwanza kwa lugha yake, tafsiri ifuate. Halafu nenda ukumbini saa moja kabla, ufungue kila ukurasa kwenye skrini. Maandishi haya huenda kulia kwenda kushoto, na kompyuta nyingine huyapindua au huzimeza alama za irabu. Kama umesoma madrasa kosa hilo utaliona upesi hata kama Kiebrania hukijui: nukta na mikwaju inakuwa imeelea mbali na herufi zake. Tuma faili la PDF, tatizo linaisha.

Na wewe utaulizwa kuhusu kwetu Afrika Mashariki, jiandae. Yako mambo mawili yanayochanganywa sana. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (waliotaka Wayahudi wapate nchi yao), pendekezo la ardhi kwa ajili ya Wayahudi. Likaitwa mpango wa Uganda, ingawa eneo lenyewe lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa mwaka 1905. Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ni habari nyingine kabisa: jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, mnamo 1919, kwa kuisoma Biblia wenyewe, na mpango ule haukuwa na mkono ndani yake. Ukiweza kuyatenganisha haya kwa sentensi chache, watu watakusikiliza.

Soma kazi za mhadhiri kabla hajafika, walau makala moja. Mihadhara hii ina uzito kuliko tangazo lake linavyoonyesha: ile ya mwanahistoria Yosef Hayim Yerushalmi kuhusu historia na kumbukumbu ya Kiyahudi, aliyoitoa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1980, ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1982 na bado inafundishwa. Kwa hiyo rekodi ni muhimu. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na kwa mashairi muulize pia mfasiri, kwa sababu haki ya tafsiri ni yake au ya mchapishaji wake, hata kama anayesoma jukwaani ni mshairi mwenyewe.