Umebriji ampu afu bezi haina nguvu? Anza na waya

Wadau habari za mida hii. Kuna mdogo wangu mmoja yuko Arusha, Sakina huko, juzi usiku kanipigia analalamika, kanunua ampu, kaibriji, yani kaunganisha chaneli zake mbili zisukume boksi moja, kachomeka boksi lake la bezi, na bezi inatoka kama mtu anagonga kabati. Swali lake la kwanza, "kaka hii ampu watakuwa wameniuzia feki?" Nikamuuliza umetumia waya gani. "Waya wa kawaida tu kaka, mweusi, mnene." Hapo nikacheka, kwasababu huo mweusi mnene ulishanitoa jasho mbele ya ukoo mzima.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, Kibosho. Mnajua kipaimara cha kwetu Uchagani sio mambo ya spika ya sebuleni, ni turubai, ndafu, mbege, MC na watu wametoka Dar wanataka kusikia kitu kifuani. Wingu lilikuwa zito upande wa mlimani kwaiyo nikaogopa mvua, mashine zote nikaziweka kibarazani kwa shemeji, afu mabezi yangu mawili ya inchi 18 nikayashusha kule chini kwenye turubai karibu na migomba. Kutoka kibarazani mpaka pale ni kama mita 25. Nikavuta waya nilionunua duka moja mjini Moshi, ganda limeandikwa 2.5, yani milimita za mraba za unene wa chuma cha ndani, na jamaa akaniapia ni kopa tupu. Ampu nikaibriji, mabezi mawili ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme) nikayaunga paraleli, yani chanya na chanya, hasi na hasi.

Muziki ulipiga, sisemi haukupiga. Ila bezi ilikuwa inavimba tu, ile dufu inakuja afu haiishi, inaburuza mpaka inakutana na nyingine. Mjomba mmoja akanifata akaniambia "mangi, hii redio yako ina mafua?" Niliongeza sauti, ikazidi kuvimba. Kwenda kuushika waya pale ulipobaki umekunjwa kwenye mduara, ni wa moto kama chupi iliyotoka kupigwa pasi, samahani kwa mfano ila ndo hivyo.

Nyumbani nikaupima. Na hii pimeni na nyie, haihitaji shule: ncha mbili za upande wa mbali unazigusisha pamoja, upande wa huku unaweka multimita kwenye omu. Kwanza gusisha zile sindano za multimita zenyewe uone inasoma ngapi, hiyo unaitoa. Waya wa kopa wa 2.5 kwa mita 25 kwenda na kurudi unatakiwa usome kama 0.4. Wangu ulisoma 1 kasoro kidogo. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe, juu mwekundu ndani mweupe pee. Alumini imepakwa kopa. Na hata hiyo alumini yenyewe ilikuwa nyembamba, unene wote ulikuwa ni plastiki.

Sasa hesabu yake. Mabezi mawili ya omu 8 paraleli ni omu 4. Waya unaongeza omu 1 njiani, jumla 5. Kati ya kila wati 5 zinazotoka kwenye ampu, wati 1 inabaki kwenye waya inapasha migomba joto, na ukilinganisha na kile mabezi yangepata bila huo waya, ni kama theluthi nzima imepotea. Hapo bado ile habari ya kuvimba. Ampu nzuri inaishika koni ya spika, ikishaisukuma inaizuia isiendelee kucheza yenyewe. Ukibriji, huo mshiko unapungua nusu hata kabla hujaunga waya, ukiweka na waya mbovu ndo kabisa umemshika ng'ombe kwa kamba ya mpira.

Kwahiyo nikanunua waya wa maana, kopa kweli, 4, mita 25 zile zile. Nilipima, 0.25 hivi. Nikasema sasa mtanikoma.

Weekend iliyofata niko Majengo kwenye send-off, nimefunga kila kitu kama Kibosho, nimebadilisha waya tu. Nyimbo tatu za kwanza, jamani, bezi inapiga kavu mpaka glasi zinatembea mezani. Wimbo wa nne taa nyekundu ya protekti, ile ampu inapojikinga kwa kujizima, ikawaka, kimya. Nikasubiri, ikarudi, ikapiga, ikalala tena. Bibi harusi mtarajiwa anaingia ukumbini na ampu imelala, acheni tu.

Hapa ndo nataka watu wanielewe maana wengi hawaelezwi. Ampu ukiibriji, chaneli moja inasukuma wakati nyingine inavuta, ndo maana volti zinakuwa mara mbili. Lakini kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Ukiipa omu 8, kila chaneli inaona 4. Ukiipa omu 4, kila chaneli inaona 2. Ampu yangu nyuma imeandikwa wazi kabisa, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzisoma, kubriji mwisho omu 8. Mi nilikuwa naipa 4 siku zote. Kule Kibosho ule waya mbovu ndo ulikuwa unaiokoa, uliongeza omu 1 kila chaneli ikawa inaona 2.5, afu mwenyewe ukaumia kwa joto. Nilipoweka waya mzuri kinga ikaondoka, chaneli zikashuka karibu na 2 kamili, mashine ikachemka.

Yani waya mbaya ulikuwa unanificha kosa langu. Ndo maana mtu akiniuliza "ninunue waya wa ngapi" simjibu mpaka aniambie nyuma ya ampu kumeandikwa nini na boksi zake zote zikiungwa zinafika omu ngapi. Ukiwa na mabezi mawili ya 8 na ampu kama yangu, usibriji bwana, weka moja kila chaneli upumzike. Kuna wajanja wanaunga mabezi siriz, moja nyuma ya jingine, yawe omu 16 afu wanabriji, hesabu inakuja kuwa ile ile ya boksi moja kila chaneli, hamna ulichoongeza zaidi ya kujisumbua. Kubriji kunalipa ukiwa na boksi moja kubwa la omu 8, ndo ninavyofanya siku hizi, au ukiwa na mashine ambayo imeandikwa kabisa inabeba 4 kwenye briji.

Ukishamaliza hilo ndo unene. Mi nimekariri kitu kimoja tu, kwa kila mita 10 za umbali, kwenda na kurudi kwa pamoja, kopa ya 1.5 inaongeza kama omu 0.27, ya 2.5 kama 0.16, ya 4 kama 0.1. Afu sitaki waya uzidi asilimia 5 ya mzigo. Kwa boksi la omu 8 hiyo ni 0.4, kwaiyo 1.5 inanifikisha mita 15, 2.5 inanifikisha 25, ya 4 mpaka 40. Ukiwa na mzigo wa omu 4 kata hizo mita zote nusu. Ukikosa wa 4 dukani chukua waya wa kori nne wa 2.5, unga mbili mbili, umepata 5 na unakunjika vizuri.

Wala usiibiwe na mambo ya waya maalum wa spika wenye maandishi ya dhahabu. Fleksibo ya umeme ya kopa yenye nyuzi nyingi nyembamba inafanya kazi hiyo hiyo. Ila usichukue ule wa uzi mmoja mgumu wa kufanyia wayaringi ya nyumba, utaukunja na kuukunjua send-off tano utakatikia ndani na hutajua ni wapi. Na waya wa maiki au wa gitaa, hata kama ncha zinaingia, mwiko.

Ujanja mkubwa kuliko yote hauna uhusiano na kununua: sogeza ampu. Acha mixa kibarazani, vuta waya wa XLR, ule wa kubeba sauti tu kutoka mixa kwenda ampu, hizo mita 25, ampu ikae mita 3 kutoka kwenye bezi chini ya turubai juu ya kreti la soda. Hapo hata 2.5 ni anasa. Mvua nayo unaifunika kwa turubai dogo ila acha nyuma pumzi ya feni.

Upande wa ncha sasa, na hapa sitanii. Kwenye briji waya unaungwa kwenye yale matundu mawili mekundu ya nyuma ya ampu, hamna mweusi, hamna aridhi, ncha zote mbili zina moto. Ukigusisha mmoja na bodi ya ampu unaweza kuua chaneli. Ndo maana jeki ya inchi robo, ile kama ya gitaa, siipendi kwenye briji, ile shingo yake ni chuma tupu na wakati wa kuichomeka inagusagusa kila kitu. Na volti sio za kuchezea, ampu inayotoa wati 2000 kwenye omu 8 ina kama volti 126 pale kwenye waya, karibu nusu na kidogo ya soketi ya ukutani. Kiungio cha tepu nyeusi kwenye majani yenye umande usiku, watoto wanakimbia pekupeku, hapana. Waya mzima bila kiungio, au usipige.

Kwenye Speakon, ile plagi ya spika ya kuzungusha na kufunga, ndo watu wanapotea zaidi. Ndani ina miguu iliyoandikwa 1+, 1-, 2+ na 2-. Boksi nyingi zinasikiliza 1+ na 1-, lakini ampu nyingi zikibrijiwa zinatoa kwenye 1+ na 2+. Ukichukua waya wa kawaida ukachomeka, unapata chaneli moja tu, inapiga, na unabaki unashangaa mbona briji haina tofauti. Soma mchoro nyuma ya mashine yako maana sio zote zinafanana, afu tengeneza waya mmoja wa briji, upande wa ampu 1+ na 2+, upande wa boksi 1+ na 1-. Wangu nimeufunga tepu nyekundu ncha zote mbili, na kijana wangu anajua ukikuta tepu nyekundu huuchomeki popote mpaka uniite.

Yule mdogo wangu wa Sakina nikamwambia asiipeleke ampu kwa fundi kwanza, achukue wembe akwangue uzi mmoja anitumie picha. Dakika tano picha ikaingia, uzi mweupe pee juu ya kidole gumba. Chini kaandika "kaka nimelia". Na bado sijamwambia ahakiki ile spikoni.