Kabla ya kuuliza kama mgao ni wa haki

Hojaji yangu ya kwanza kuhusu haki katika mgawanyo niliitafsiri kutoka Kiingereza usiku mmoja, nikajiona nimemaliza kazi. Swali lilikuwa jepesi: watu wawili wamefanya kazi, mmoja kajituma kuliko mwenzake, malipo yagawanywe vipi? Mzee wa tatu niliyemhoji hakujibu. Aliniuliza, "Hao ni nani kwa nani? Ndugu, au wamekutana tu kazini?" Karatasi yangu haikusema. Nikamwomba achague tu. Akachagua, nadhani kwa kunihurumia, nami nikaliingiza jibu lake kwenye takwimu kama mengine.

Kosa la pili lilikuwa neno lenyewe. Niliandika "haki". Wengine walisikia kile mtu anachoweza kudai. Wengine, mafungu yaliyolingana. Wengine, uadilifu wa anayegawa. Maswali matatu ndani ya safu moja! Na usitegemee kutafsiri upya kwenda Kiingereza kukuokoe: mtafsiri wangu wa pili aliona "haki" akarudisha neno lile lile nililoanzia. Kinachosaidia ni kuwaomba watu wachache wakusimulie swali kwa maneno yao kabla hujalichapa.

Hata hivyo, wanaotaka kipimo kimoja kwa wote wana hoja. Mwaka 1982 mchumi Werner Güth na wenzake walichapisha mchezo ambao mmoja anapewa fedha na kupendekeza mgao. Mwenzake akikataa, wote wanakosa. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich alipoupeleka kwa Wamachiguenga wa Peru, wastani wa toleo, yaani fungu analopendekezewa mwenzake, ulikuwa asilimia 26 tu. Kule Lamalera, Indonesia, wastani ulizidi nusu. Miongoni mwa Wagnau wa Papua New Guinea, hata matoleo yaliyozidi nusu yalikataliwa mara kwa mara. Bila mchezo mmoja tusingeziona tofauti hizo.

Lakini mchezo haukusema kwa nini. Waliosema ni watafiti walioishi na watu hao: kwa Wagnau, zawadi kubwa usiyoiomba ni deni linalokungoja, Lamalera huishi kwa kuwinda nyangumi kwa ushirika, na kila fungu lina mwenyewe. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Waorma wa Kenya. Walipoletewa mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliuita mchezo wa harambee. Mtafiti kaleta jaribio, wachezaji wakalitambua.

Baada ya aibu yangu nilikimbilia upande wa pili, kila kundi na hojaji yake. Nikapata hadithi nzuri zisizolinganishika, na "utamaduni wao" ukawa jibu langu la kila kitu. Siku moja vijana na wazee wa kundi moja walibishana mbele yangu kuhusu fungu la mgonjwa asiyefanya kazi. Niliandika msimamo wa mzee mmoja kuwa ndio wa jamii nzima. Sababu? Alizungumza wa mwisho.

Siku hizi visa vyangu ni vichache na ni vile vile kila mahali, ila kila kimoja nakiuliza mara mbili: wahusika wakiwa ndugu, kisha wakiwa wageni. Chini naacha mistari mitupu: "Ungependa kujua nini zaidi kabla ya kugawa?" Hiyo ndiyo sehemu ninayoisoma kwanza.