Jibu: Nguzo ya umeme iliyoinama karibu na shule, Kibosho, Kilimanjaro

Habari za leo, ndugu. Nimekuelewa hivi: mvua zimeilaza nguzo, waya umeshuka hadi kwenye migomba, watoto wa shule wanapita chini yake, na taarifa uliyotoa kwa simu haijazaa matunda.

Kabla ya yote, hakikisheni hakuna anayekata mgomba wala kuchuma parachichi kwa fimbo ndefu ya mti hapo, kwa sababu nyaya za msongo wa kilovolti 11 au 33 zinazopita mashambani kwetu huwa hazina ganda la kuzuia umeme, na mti mbichi hupitisha umeme. Waya ukianguka, msiuamini hata kama taa za nyumbani zimezimika. Wekeni mtu mzima wa kuwazungusha watoto njia nyingine.

Kisha rudia taarifa TANESCO, shirika la umeme, ukiwa na namba ya nguzo, kama bado inasomeka, na namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nyumba ya jirani. Fundi akielekezwa "karibu na kanisa" huzunguka mlima mzima. Dai namba ya taarifa na uiandike.

Kwetu Machame, kilichosaidia zaidi ni barua ya mwenyekiti wa kitongoji, yenye muhuri wa kijiji na picha, iliyopelekwa kwa mkono ofisini. Katika barua hiyo hiyo tuliomba maofisa waje kutoa elimu ya usalama; walikuja kwenye mkutano wa kijiji, na wazee waliuliza maswali mengi kuliko vijana. Ninyi ombeni waanzie shuleni.