Kwa mgeni wa mabwawa ya majitaka: jifunze kwanza kutazama

Mdogo wangu, najua umetoka chuoni na hamu ya maabara. Lakini kumbuka kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria watahitaji ili kumaliza uchafu, huchukua siku tano. Kiwango cha Tanzania ni miligramu 30 kwa lita. Siku unayopata jibu kwamba umekivuka, maji yale yameshapita kijitoni na kuingia kwenye bustani za watu. Kwa hiyo kila asubuhi zunguka tuta lote, ukiwa na reki na daftari.

Bwawa la pili ndilo la kulisoma kwa makini. Likiwa kijani, shukuru: mwani unatumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria wanaivuta na kumeng'enya uchafu. Hapa kwetu hatuna mashine ya kupuliza hewa, kazi hiyo ni ya mwani. Rangi ikigeuka waridi au zambarau, bwawa limezidiwa. Mwaka wangu wa pili niliona wekundu kidogo pembeni nikaandika "kawaida". Maboza yalikuwa yanamwaga kupita kiasi na sikuhesabu safari zake. Siku chache baadaye harufu ilifika hadi shuleni, na waliokuja kulalamika walikuwa na haki. Tangu hapo nahesabu kila boza.

Bwawa la kwanza lina desturi zake. Ni refu kwenda chini, kati ya mita 2 na 5, na halihitaji oksijeni. Utando mzito ulio juu yake uache, unazuia harufu. Wageni wengi huuondoa wakidhani wanafanya usafi! Kwenye mabwawa yanayofuata ni kinyume: utando na magugu huziba mwanga na kuzalisha mbu aina ya Culex, wanaoeneza matende. Huko ondoa kila siku, na nyasi za kingoni fyeka.

Tope lipime kwa mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe. Uzamishe polepole hadi chini, utoe, uone weusi umeishia wapi. Likikaribia theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, andika barua mapema, maana fedha ya kulitoa huchelewa.

Sampuli chukua saa ileile kila mara. Usiku mwani hautoi oksijeni, kwa hiyo maji ya alfajiri na ya saa tisa alasiri hayalinganishiki.

Na chemba, nakusihi, usiingie peke yako hata kwa dakika moja. Gesi yake inanuka yai viza, lakini ikizidi inaua pua kwanza. Ukiacha kuisikia, ndipo hatari ilipo.

Kule Mabogini, Moshi, wakulima humwagilia mpunga kwa maji yanayotoka mabwawani. Sisi tuna akina mama wa mchicha. Bwawa la mwisho, lenye kina cha mita moja tu, lipo kwa ajili yao: jua huua vijidudu, mayai ya minyoo huzama. Ukiruhusu maji yapite haraka, mayai yanawafikia. Shuka kijitoni kila Ijumaa, uwasalimie, uwaulize maji yana povu gani, vyura wapo au wamehama. Mara nyingi wameyaona mabadiliko kabla yangu.